Mwongozo kamili wa kuandaa begi la kujifungulia

Siku ya uchungu, atakayelifungua begi lako si wewe. Wewe utakuwa leba. Nesi atatokeza mlangoni na kuita, "Ndugu wa mama fulani! Leteni khanga mbili na nguo za mtoto!" Atakayeinuka kwenye benchi ni mama yako, wifi yako au jirani aliyekusindikiza usiku, na mara nyingi hajawahi hata kulishika begi hilo. Vitu vikiwa vimechanganywa, atavimwaga vyote hadharani kuitafuta kofia ya mtoto, na huko ndani mtoto mbichi anasubiri kufunikwa.

Ndiyo maana naweka mkazo kwenye mpangilio kuliko wingi wa vitu. Nawaza zaidi vituo vya afya na hospitali za umma za Tanzania, ambako ndugu mara nyingi hubaki nje na mama huja na sehemu kubwa ya mahitaji yake. Anayejifungulia hospitali binafsi ataambiwa apunguze baadhi ya vitu, ila mpangilio utamfaa vilevile.

Hatua ya 1: Uliza kliniki kabla ya kununua

Mimba ikifika wiki 28 hivi, siku ya kliniki usiondoke bila kumwuliza mkunga: hapa mnataka mama aje na nini? Ndugu wanaruhusiwa kuingia leba? Chakula kinaletwa saa ngapi? Nikipewa rufaa, napelekwa wapi na kwa usafiri gani? Kwa sera ya Serikali huduma za uzazi kwenye vituo vya umma ni bure, lakini vifaa huisha, na kila kituo kina orodha yake kulingana na kinachopatikana wakati huo. Orodha ya rafiki yako aliyejifungulia Mwananyamala mwaka juzi si lazima ifanane na ya kituo chako cha Kibaha au Singida. Iandike ile uliyopewa wewe, uibandike ndani ya mfuniko wa begi.

Begi liwe limekamilika kufikia wiki 36. Mimba huhesabiwa imekomaa kuanzia wiki 37, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni makadirio tu. Wanaojifungua siku hiyohiyo ni wachache. Kama una mapacha, presha, au uliwahi kujifungua kabla ya wakati, begi likamilike wiki 32. Na kama unaishi mbali na barabara, mwulize mkunga kama kuna nyumba ya wazazi ngojea karibu na hospitali, ambako mama husubiri siku zake zikikaribia. Hapo begi litahitajika mapema zaidi.

Hatua ya 2: Andaa khanga kwanza

Katika kila utakachobeba, hakuna kitakachofanya kazi kubwa kuliko khanga. Itatandikwa kitandani, itampokea mtoto, itamfunika, utajifunga ukitoka leba, na wodini itakuwa shuka, pazia la kunyonyeshea na taulo. Doti tatu hadi nne zinatosha wengi. Vitenge navyo vinafaa, mradi viwe vya pamba.

Watu wengi hununua khanga mpya kabisa kwa heshima ya mtoto, wakazipeleka zikiwa bado na karatasi ya dukani. Khanga mpya imetiwa wanga kiwandani. Ni ngumu, inateleza, na haishiki maji. Mtoto huzaliwa amelowa, na kinachotakiwa dakika ile ni kitambaa kinachonyonya unyevu wote mwilini mwake. Khanga mpya itasukuma maji huku na huku tu. Ifue mara mbili tatu kwa sabuni ya kipande mpaka wanga uishe na iwe laini mkononi. Ile ya zamani iliyochujuka rangi, ambayo usingeivaa shughulini, ndiyo bora kwa kumpokelea mtoto, mradi iwe safi.

Zifue, zianike juani, kisha zipigwe pasi pande zote mbili, kwenye pindo pia. Kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, hasa zikiwa bado mbichi, na vibuu wake huingia kwenye ngozi ya anayezivaa. Joto la pasi huua mayai hayo. Nguo zote za mtoto zifanyiwe hivyohivyo.

Kwa ajili ya leba, kunja khanga kwa jozi kulingana na kazi. Jozi ya kwanza ni ya mtoto: moja ya kumkaushia, moja ya kumfunikia. Hizi zisitenganishwe. Mkunga akishamkausha mtoto kwa ile ya kwanza, huitupa kando kwa sababu imelowa, kisha humfunika kwa ya pili iliyo kavu akiwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi. Mtoto aliyeachwa ndani ya kitambaa kilicholowa hupoteza joto haraka hata Dar es Salaam mchana wa Januari. Jozi ya pili ni yako: moja ya kutandika juu ya mpira wa kitandani, moja ya kujifunga baada ya kusafishwa.

Hatua ya 3: Gawa vitu katika mifuko mitatu

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, ile mifuko mbadala ya kitambaa imejaa kila duka, na ya rangi tofauti. Nunua mitatu: mmoja wa leba, mmoja wa mtoto, mmoja wa wodini. Nesi akiita, msindikizaji hahitaji kufikiri, anakumbuka rangi. Mifuko yote mitatu iingie ndani ya begi moja la kitambaa lenye zipu. Sanduku gumu la magurudumu liache, kwani nafasi chini ya kitanda cha wodi ni finyu na mara nyingi mnagawana na mwenzako.

Mfuko wa leba uwe na hizi, pamoja na lolote uliloambiwa kliniki:

– jozi mbili za khanga kama nilivyoeleza
– mpira wa kutandika (makintoshi), ambao maduka ya dawa huuza kwa mita
– glavu tasa, idadi kama ulivyoelekezwa, kila jozi ndani ya pakiti yake
– kibano au uzi wa kufungia kitovu, na wembe mpya ambao haujafunguliwa
– pamba roli moja kubwa
– pedi kubwa za wazazi na chupi moja
– kofia ya mtoto na nepi moja
– kandambili

Vya duka la dawa angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usivifungue kwa udadisi nyumbani. Glavu tasa ikishatolewa kwenye pakiti yake haina tena maana iliyokufanya uinunue. Mpira uoshe kwa maji na sabuni, uukaushe, uukunje na upande wa ndani usiguse vumbi.

Kuna kitu kimoja ambacho baadhi ya watu hununua wakidhani wanajiandaa vizuri: sindano ya oksitosini, ile inayochomwa mama baada ya mtoto kutoka ili kuzuia damu isitoke nyingi. Dawa hii hutunzwa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa mwezi mzima ndani ya begi kwenye chumba chenye joto, nguvu yake hupungua, na huwezi kujua kwa kuitazama. Usiiweke nyumbani. Kama kituo chako hakina, hilo ni la kuzungumza na mkunga mapema, ikiwezekana ubadili mahali pa kujifungulia.

Hatua ya 4: Mfuko wa mtoto

Mtoto mchanga hahitaji mengi siku za mwanzo. Fulana au vinguo vya kufunga mbele vinne hadi sita, kofia mbili, soksi pea tatu, shali moja, khanga mbili laini za kumfungia, na nepi. Za kufulia ziwe kumi au zaidi. Kama unatumia pampasi, chukua pakiti ndogo ya saizi ya watoto wachanga. Hata hivyo, nepi za kitambaa chache zibaki kwenye mfuko, zitakufaa kwa kumfutia maziwa na kumtandikia begani. Weka na kitambaa laini cha kumsafishia.

Panga seti. Chukua fulana, nepi, soksi na kofia, zikunje pamoja ndani ya khanga moja, ufunge. Ile ya juu kabisa ndiyo atakayovaa kwanza. Tengeneza mbili za namna hiyo, msindikizaji akiombwa "nguo za mtoto" anatoa kifurushi kimoja tu.

Fikiria na hali ya hewa ya kwenu. Mama wa Njombe, Makete au Arusha anayejifungua Juni au Julai anahitaji blanketi zito na sweta. Mama wa Tanga au Dar mwezi Februari akimvalisha mtoto hivyo atamchemsha bure. Kipimo kizuri ni kushika kifua na tumbo la mtoto: pawe na joto la kawaida, bila jasho na bila ubaridi. Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kofia isivuliwe.

Beseni la kuogea wala usihangaike kulibeba kwa ajili ya siku ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Ule ute mweupe mwilini mwake si uchafu, unamkinga. Ukiambiwa na mama mkwe kwamba mtoto atanuka, mwambie kwa upole kwamba ndivyo wakunga walivyoelekeza.

Hatua ya 5: Mfuko wa wodini

Huu ni wako. Kujifungua kwa njia ya kawaida bila tatizo, unatakiwa kukaa chini ya uangalizi angalau saa 24. Kwa upasuaji ni siku kadhaa. Chukua madera au magauni mawili matatu yanayofunguka mbele. Dera la kuvutwa kichwani linakusumbua kila mtoto anapotaka ziwa. Weka sidiria mbili za kunyonyeshea zisizobana, chupi tano au sita kubwa za pamba za rangi ya kiza, khanga za kujifunga na kujifunikia, sweta au mtandio, taulo, sabuni, mswaki na dawa yake, kitana, mafuta ya kujipaka, karatasi za chooni na kitambaa cha kichwa.

Pedi chukua pakiti mbili za zile kubwa. Damu ya uzazi hutoka kwa wingi siku za mwanzo, hata kwa aliyefanyiwa upasuaji, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukitumia vitambaa, viwe safi, vimeanikwa juani, na vya kutosha kubadilisha kila baada ya saa chache. Pedi nzima ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au yakatoka mabonge makubwa, mwite nesi papo hapo, awe ameshakupitia au la. Usione haya, na usisubiri zamu ibadilike.

Ndoo ndogo yenye mfuniko ije kando ya begi. Khanga zilizotumika leba zitaingia humo, na msindikizaji ataibeba nyumbani bila kuaibika kwenye daladala. Ongeza kikombe, sahani, kijiko na themosi.

Kama unatumia dawa za kila siku, za presha, kisukari, pumu au ARV (dawa za kufubaza VVU), ziwekwe ndani ya mfuko huu kwenye kopo lake, na uendelee kuzimeza kwa ratiba yako. Kwa anayetumia ARV, mkunga anapaswa kujua ili mtoto naye apewe dawa ya kinga mapema. Msindikizaji si lazima ajue. Mwambie mkunga mwenyewe mkiwa wawili, au mwoneshe kadi.

Hatua ya 6: Nyaraka, pesa na watu

Tafuta pochi ndogo inayovaliwa shingoni au kiunoni. Ndani yake kiwemo kwanza kabisa kadi ya kliniki. Hiyo kadi inamwambia mkunga wa zamu, ambaye hajawahi kukuona, kundi lako la damu, wingi wa damu, presha yako miezi yote, majibu ya vipimo na kama uliwahi kupasuliwa. Weka na majibu ya ultrasound, kadi ya bima ya NHIF kama unayo, na kitambulisho. Namba tatu za simu ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu huzima chaji saa ileile unayoihitaji. Chaja nayo iwemo.

Pesa igawe mara mbili: taslimu za noti ndogondogo, na akiba kwenye simu. Namba ya siri ya simu aijue mtu mmoja unayemwamini. Zungumza mapema na dereva wa bajaji au teksi anayekubali kuamshwa saa nane usiku, na uwe na wa pili wa akiba. Bodaboda si chombo cha mama mwenye uchungu. Tumia pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Dharura ikitokea, Tanzania kuna mpango wa M-Mama wa usafiri wa wajawazito na watoto wachanga, kwa kupiga 115 bila malipo.

Watafute pia ndugu wawili walio tayari kuchangia damu na wanaopatikana kwa simu. Anayeweza kuamua kwa niaba yako awe anajulikana. Mume akiwa safarini, asije mtu akasema "tumsubiri baba mtoto" huku daktari ana karatasi ya upasuaji mkononi.

Hatua ya 7: Chakula

Uchungu unaweza kuchukua usiku mzima, na mwili unatumia nguvu nyingi. Kama mkunga hajakukataza, kunywa maji mara kwa mara na ule vitu vyepesi: uji mwepesi, chai ya sukari, tende, ndizi mbivu. Vyakula vya mafuta mengi vitakutapisha. Ukishaambiwa unakwenda kwenye upasuaji, usile wala kunywa chochote bila ruhusa.

Baada ya kujifungua, mtori, supu au uji wa ulezi uletwe wa moto kwenye themosi. Mpange mapema nani anapika na nani anapeleka, kwa saa za kuwaona wagonjwa, ili isije siku moja yakaja mabakuli matano na kesho yake pasije kitu.

Hatua ya 8: Vya kuacha nyumbani

Dawa za kienyeji za "kuharakisha njia" ziache kabisa. Baadhi huufanya mfuko wa uzazi ukaze kwa nguvu kupita kiasi, na mfuko ukipasuka mama na mtoto wote wako hatarini. Ikiwa umeshakunywa, mwambie mkunga ukweli, atajua la kufanya.

Chupa ya kunyonyeshea na maziwa ya kopo usibebe, isipokuwa daktari ameelekeza. Yale maziwa ya mwanzo ya njano ni machache kwa macho lakini yanamtosha mtoto, naye awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza. Wanja wa mtoto, poda, na chochote cha kupaka kitovuni, iwe mafuta, majivu au mate, visifike wodini. Kitovu kiachwe kisafi na kikavu, labda mkunga atoe dawa maalumu.

Dhahabu na pete ibaki kwa mtu wa kuaminika. Kwa wenzangu wa Pwani: hina ni pambo letu, lakini mwezi wa mwisho usipake kwenye kucha wala ncha za vidole, hasa piko nyeusi. Wahudumu huangalia rangi ya kucha kujua hali ya damu na hewa, na kile kifaa kinachobanwa kidoleni kinaweza kushindwa kusoma vizuri. Rangi za kucha nazo zifutwe. Nywele suka mistari ya kulala, isiyouma ukilaza kichwa.

Hatua ya 9: Fanya zoezi na msindikizaji

Mwite yule atakayekwenda nawe. Mweleze rangi za mifuko, kisha mwache alifungue begi mwenyewe. Mwambie: "Shangazi, nesi ameomba khanga za mtoto na pamba." Akizipata bila kukuuliza, begi limepangwa. Akihangaika, badilisha mpangilio uendane na mikono yake, kwa sababu yeye ndiye mtumiaji. Begi likae karibu na mlango, na kila mtu nyumbani ajue lilipo.

Jua pia wakati wa kuondoka. Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio, huzidi nguvu, na hauondoki ukitembea au ukilala. Kwa mimba ya kwanza, ukija kila baada ya dakika tano hivi kwa muda wa saa moja, ondoka. Kama umeshazaa kabla, au unaishi mbali, usisubiri ufike hapo. Chupa ikipasuka, nenda hata kama hakuna uchungu, na uangalie rangi ya maji: ya kijani au yenye damu ni dharura.

Ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, ukivimba uso na mikono, ukipata degedege au homa kali, au mtoto akipunguza kucheza, ondoka dakika hiyohiyo. Begi litafuata.

Siku ya kuruhusiwa

Msindikizaji alete nguo safi za kutokea, zako na za mtoto. Kabla ya kutoka wodini hakikisha mtoto amepata chanjo ya BCG, ya kukinga kifua kikuu, na matone ya polio, na kwamba zimeandikwa kwenye kadi yake. Uliza tarehe ya kurudi kwa ajili yako mwenyewe pia, maana wengi humrudisha mtoto kliniki wakajisahau. Pokea tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa, ukague herufi za majina yote mawili ya wazazi ukiwa bado hapo dirishani, kisha ulipeleke RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) au kwenye ofisi ya kata inayosajili vizazi ndani ya siku 90. Jina likikosewa hapo, kulirekebisha baadaye kuna mlolongo mrefu.